Mikarafuu Isiyokwenda na Shamba

Niliacha shule darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza, kulikuwa na lori linakwenda Ifakara na utingo wake alikuwa anaumwa, basi nikapanda mimi. Tangu hapo nimefyatua matofali, nimetengeneza baiskeli, nimebeba ndizi kutoka milimani, na hakuna kazi hata moja niliyoikalia mpaka ikanichoka. Miaka michache iliyopita nilikuwa nimepanga chumba Mafiga, mjini Morogoro. Chumba cha jirani alikaa binti mmoja wa chuo, anasomea kompyuta.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nafua uani. Yeye alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anachora visanduku na kuviunganisha kwa mistari. Mwisho wa kila mstari kulikuwa na almasi ndogo. Nyingine alizijaza wino, nyingine aliziacha tupu. Kitu kama hicho hakiwezi kunipita.

“Dada, hizo almasi za nini?”

“Kaka, nguo zako zitaozea kwenye sabuni.”

“Zioze. Niambie.”

Akaniambia. Programu anayoitengeneza imejengwa kwa vitu, na vitu vingine ni sehemu ya vitu vikubwa zaidi. Almasi iliyojazwa maana yake sehemu inakwisha pamoja na kizima chake: ukibomoa nyumba, vyumba vyake huvihamishii kwingine. Almasi tupu maana yake sehemu ina maisha yake: timu ya mpira ikivunjika, wachezaji wanarudi makwao wazima na kutafuta timu nyingine.

Wiki nzima sikufanya kazi ya maana. Nilizunguka mtaani nikigawa almasi. Jiko la mkaa na udongo wake wa ndani nilikuwa nimeshalijazia, nikakumbuka jirani aliyeutoa udongo kwenye jiko lililooza akaupachika kwenye jingine. Nikafuta. Baiskeli ilikuwa rahisi, maana Morogoro sijawahi kuona baiskeli iliyokufa na gurudumu lake. Binti akashikilia kwamba angalau mfuko wa shati unakwisha na shati. Nikamwonyesha kiraka cha suruali yangu, ambacho kilikuwa mfuko wa shati la mtu mwingine. Alicheka mpaka akamwaga chai.

Ndipo akaniomba nimpeleke mlimani. Programu yake ilikuwa daftari la kikundi cha wakulima upande wa Matombo: mashamba, wenye mashamba, miti iliyomo. Msimu ukifika, kila mmoja angechuma na kuuza karafuu za miti iliyoandikwa kwa jina lake. Njia za mkato nilizijua tangu enzi za ndizi.

Siku ya mkutano wanachama walijaa kwenye ofisi ya kikundi, kompyuta ikiwa juu ya meza. Mbele kabisa alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, aliyefiwa na mkewe mwaka uliotangulia. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Kwa hiyo shamba alilolima miaka yote lilikuwa limerudi kwa ukoo wa marehemu, na ukoo ukampa binti wa mdogo wa kike wa marehemu. Huyo alikuwa mama wa makamo, amekaa dirishani anamenya chungwa. Hakuna aliyelalamika, mzee mwenyewe hakulalamika.

“Tuanze na shamba hili kama mfano,” binti akasema. Akabonyeza, shamba likahamia kwenye jina la mama yule.

Mzee akausogeza uso karibu na kioo. “Mjukuu wangu, mikarafuu yangu mbona siioni?”

“Imekwenda na shamba, babu.”

“Imekwenda kwa miguu ipi?”

Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Mikarafuu ile thelathini na minne aliipanda yeye, akiibebea maji kutoka mtoni mche kwa mche. Na kule mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi si yake. Kila mtu pale alilijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni. Daftari likipita vile, msimu ule mzee angesimama kando akitazama wengine wakiikwea miti yake na kuichuma.

Kicheko kikaisha. Wote wakamgeukia mama wa dirishani. Alikuwa ameacha kumenya. Alikuwa anasoma jina lake kwenye kioo, na chini yake mikarafuu thelathini na minne. Sikumlaumu kwa kuisoma mara mbili.

Nikamnong’oneza binti, “Umeijaza almasi.”

“Mti una mizizi ardhini, kaka! Shamba likiondoka, utaning’inia hewani?”

“Mizizi haina ugomvi. Hapa mti unakwenda na aliyeupanda.”

Akautazama mchoro wake, akashusha pumzi. “Babu, miti hii uliipanda wewe?”

“Muulize huyo mla machungwa.”

Mama yule akaweka chungwa chini.

“Aliipanda baba mkubwa,” akasema. “Nilikuwa mdogo, nikaing’oa miche mitatu ya kuchezea. Akanichapa.”

“Sikukuchapa vya kutosha,” mzee akasema, na ofisi ikalipuka tena.

Binti akaifanya almasi ile kuwa tupu, akavuta mstari mwingine kutoka kwenye mti kwenda kwa mpandaji. Akabonyeza upya. Shamba likahama, mikarafuu ikabaki chini ya jina la mzee. Watu wakapiga makofi. Sauti ya nyuma ikauliza, “Na mzee akifa?” Yakazuka mabishano kama miti itakwenda kwa watoto au kwa wajomba, mpaka mzee akanyanyua mkono.

“Andikeni kwamba sifi. Hayo mengine mtajaza wenyewe.”

Hata hivyo kioo hakikumtosha. Alitaka tukaione mikarafuu yenyewe, tukaondoka wanne, yeye na mama yule mbele. Ukingoni mwa shamba akasimama.

“Shamba lako, miti yangu,” akamwambia. “Na njia?”

“Pita, baba mkubwa. Ila ukikanyaga magimbi yangu, leo nitachapa mimi.”

Akapita akinyanyua miguu juu kama kuku kwenye umande, akaufikia mkarafuu wa kwanza na kuupiga kofi shinani. Binti akatoa kalamu, akanivuta shati.

“Kaka, hiyo njia. Nijaze au niache tupu?”

Nikamwambia tuyavuke magimbi kwanza.