Udongo wa Kitovu cha Ntandu

Nimwambie Bibi au ninyamaze? Swali hilo lilininyima usingizi tangu siku niliyorudi kutoka mahame. Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa nimeshiba na sina homa. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilishajicheka, haikusaidia.

Nilimaliza chuo, nilisomea jiografia, ajira sikupata, nikarudi kwetu Singida, kijiji kisicho mbali na Ihanja. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi akaniomba nimtengenezee ramani ya mahame, kule wazee wetu walikokaa kabla ya kupakiwa kwenye malori ya serikali na kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, ili wanafunzi wajue walikotoka. Nikapata ramani ya zamani ambayo kila nyumba ni kitone cheusi. Nikaiingiza kwenye simu, nikawa natembea kitone hadi kitone. Nilikuta minyaa, mawe na vigae vya vyungu. Basi.

Bibi, mama mzaa baba, aliposikia kazi hiyo akaniita. Mtoto wake wa kwanza, Ntandu, alizaliwa huko mahame, akafa kwa surua muda mfupi baada ya kuhama. Kaburi lake liko hapa kijijini, ila kitovu chake kilifukiwa kule, nyuma ya nyumba.

"Mjukuu wangu," alisema, "yule mtoto amelala nusu. Niletee udongo wa kule nimwekee, na mimi nife vizuri."

Nikamwambia, Bibi, hilo dogo.

Nikaenda alasiri, kwenye kitone alichonielekeza kuwa ndiyo nyumba yake. Simu ikaonyesha nimefika. Nikainua macho, nikaona nyumba ya tembe, nzima, uwele umeanikwa juu ya paa. Nikajiambia nimekosea kitone. Nikajiambia labda kuna familia imerudi kulima. Unajua mtu mwenye wasiwasi anavyojitafutia sababu? Nilikuwa nazo nyingi kabla sijapiga hodi.

Mwanamke alikuwa amekaa kivulini, umri kama wangu, ananyonyesha. Hakushtuka hata kidogo.

"Kijana mzima unatembea unajitazama kwenye kioo!" alisema, akiangalia simu yangu. "Mke utampata kweli?"

Nikacheka. Niamini, nilicheka.

"Wametutumia wewe, wale wa malori?"

"Malori gani, dada?"

"Usijifanye. Kawaambie tutahama tukishavuna. Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia jina la baba yangu. Akafikiri, akatikisa kichwa. "Simjui. Huku hakuna mtu wa jina hilo."

Mtoto akaanza kulia. "Nyamaza, Ntandu," alisema, akimpigapiga mgongoni, nikaona kidole chake cha mwisho kimepinda kwenda nje. Cha Bibi kimepinda hivyo hivyo. Baba yangu alizaliwa baada ya kuhama.

Ungefanya nini? Wengi wananiambia wangekimbia. Mimi sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unauona ni wako lakini huusikii. Nikasema, "Mtoto mzuri."

"Mbona unamtazama hivyo?"

Nikaaga, nikaondoka bila kuchota udongo. Nilipogeuka niliona minyaa na mawe, na jua limeyapiga.

Toka hapo chakula hakina ladha kwangu. Bibi aliulizia udongo wake, nikamdanganya kwamba simu iliisha chaji. Akauliza tena. Nikawa napima: nikimwambia, moyo wake unaweza kusimama. Nikinyamaza, kwa kuwa kule sithubutu kurudi, itabidi nichote udongo wa popote, naye ataumwaga kwenye kaburi la mwanawe akiamini ndio wenyewe. Hilo la pili ndilo lililonishinda. Asubuhi moja nikamkuta anachambua choroko, nikamsalimia, nikakaa chini, nikamweleza yote.

Hakulia. Mikono iliendelea kuchambua.

"Alikuwa ananyonya vizuri?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mnene?"

"Mnene."

Akatoa kokoto kwenye choroko, akaitupa. "Basi usirudi kule. Yule mama akikuona unachimba atakuuliza udongo unampelekea nani. Utamjibu nini?"

Tangu hapo Bibi hajautaja tena udongo. Akipita kaburini huwa hasimami.

Na wewe unayefukua ramani za zamani, nakuonya: nyumba iliyohamwa si lazima iwe imehamwa na wote. Ukimkuta mtu, usimtajie jina la baba yako, na ukijua yatakayompata, yafunge mdomoni.

Siku ile ile niliyomweleza Bibi nilifuta kitone cha nyumba yake, nikampelekea mwalimu ramani. Akaikagua, akauliza mbona hapa katikati pako wazi.

Nikamwambia pale bado wanakaa watu, asiwapeleke watoto.