Kahawa ya Kamati

Mkono wa mume wangu uliliwa na mkanda wa mashine ya kusaga mawe, nje kidogo ya mji wetu wa Ibra. Fidia wakamlipa mara moja, ikaishia kwenye upasuaji wa pili. Pensheni wakampa ya mtu aliyefanya kazi miaka minne, kwa sababu kweli alifanya miaka minne. Kana kwamba mashine ilitakiwa imngoje azeeke kwanza.

Nikaandika barua kwa kamati ya kheri ya mtaa, inayowasaidia watu chakula na umeme kila mwezi. Nina watoto wawili, mdogo ana miezi saba, na Ibra mwezi wa Julai bila umeme hukai na mtoto ndani kwa joto. Wakasema watakuja kutazama hali yetu.

Mkwe wangu, mama wa mume wangu tunayekaa naye, nilimwambia wageni wanakuja, basi. Sikumwambia wanakuja kutazama nini. Hapo nilikosea.

Mama huyu kazaliwa Unguja, kazeekea hapa, na kwake mgeni ni mgeni. Siku yenyewe, niliporudi kutoka kumchukua mkubwa shule, sebule yangu siijui. Zulia la jirani, vikombe vya jirani, dele la shaba la mkwe wangu mwenyewe, la kumiminia kahawa, linang'aa, sinia ya halwa iliyobaki kwenye harusi ya nyumba ya pili. Udi umefukizwa mpaka nje mlangoni.

"Mama, umefanya nini?"

"Wageni wako waje wakute nini? Maji ya bomba?"

Wakaingia wanaume wawili na mwanamke mmoja niliyesoma naye sekondari. Alimwamkia mkwe wangu shikamoo, miye akanisalimia kama hatujapata kukaa dawati moja. Mkwe akamimina, na miye nimekaa naona tunavyotajirika kikombe baada ya kikombe. Halwa yule mwanamke aliirudia mara tatu. Mume wangu kigutu chake kakificha ndani ya kanzu, kwa sababu mama yake alimwambia si adabu kuwaonesha watu wanaokula.

Baada ya wiki mbili nikaitwa ofisini kwao.

"Binti yangu, wapo wenye hali mbaya zaidi," akasema mkubwa wao. "Nyinyi, alhamdulillahi, nyumba yenu ina neema."

"Neema ya jirani ile, ami. Zulia la jirani, vikombe vya jirani. Njooni mfungue friji, hiyo ndiyo yetu."

Akacheka kidogo, akaona sicheki. Akasema watarudi Alhamisi.

Alhamisi asubuhi nikabeba dele, sinia na kila kikombe chetu, nikavipeleka kwa jirani. Mkwe wangu ananitazama.

"Watu waingie kwangu watoke midomo mikavu?"

"Ndiyo, mama."

"Na mwanangu?"

"Mwanao atakunja mkono wa kanzu."

Wakaja, wakakaa sakafuni. Hakuna aliyepewa hata maji. Yule mwanamke akasema shikamoo, mkwe wangu akageukia ukutani, hakuitika. Sijapata kumwona akimfanyia mtu hivyo. Mume wangu akakunja kanzu. Wakatazama, wakaandika. Dakika kumi hazikufika.

Tukakubaliwa. Umeme unalipwa, mchele unaletwa, mtoto analala. Nashukuru, maana lazima nishukuru. Orodha yao hupitiwa kila mwaka.

Nilipotaka kwenda kulichukua dele, mkwe wangu akanizuia mlangoni.

"Liache huko huko," akasema. "Si watakuja tena mwakani?"