Sanamu ya Koko kutoka Walikale

Tulienda Walikale kwa sababu Koko, mama mzaa baba, alikuwa anakataa kufa. Mwezi mzima alikunywa uji tu, na kila akiamka aliuliza: "Nguo yangu iko wapi?" Ilikuwa nguo ya gome la mti. Mama yake aliiponda kule msituni, Koko akaja nayo alipoolewa kwetu Nyabiondo. Kwao mwanamke anazikwa ndani ya nguo aliyopewa na mama yake. Tulipofungua sanduku, haikuwamo. Baba mudogo Bahati akaanza kutazama miguu yake. Alikuwa amempa nguo hiyo Mwitalia mmoja mpima barabara, naye akapewa viatu.

Nilitumwa pamoja na baba mudogo kuifuata kwa kuwa nilikuwa likizo kutoka shule ya masista na ninajua Kifaransa. Sikufurahi. Hata sista akiniuliza jina langu, nalitaja nusu.

Siku ya kwanza na ya pili tuliteremka. Mashamba ya maharage yaliisha, baridi ikaisha, miti ikakaribiana hadi jua likawa madoadoa chini. Baba mudogo alisema maneno machache sana. Nilimwonea huruma, halafu nikakumbuka viatu, huruma ikapungua.

Siku ya tatu, saa nane mchana, tulifika kambini kwa Mwitalia, karibu na Walikale. Hakuwepo. Mpishi wake, Papa Sadiki, alitupa ndizi za kuchoma. Nilimwambia tunatafuta nguo ya gome.

"Aa, nguo!" akasema. "Haiko nguo tena. Iko sanamu."

"Sanamu ya nani?" baba mudogo akauliza.

"Hata miye nilimuuliza vile. Akasema, ya hakuna muntu." Papa Sadiki akashusha sauti. "Miye nikifagia mule ndani, naifunika blanketi."

Alitufungulia mlango. Nguo ya Koko ilikuwa imewambwa juu ya fremu ndefu kama kitanda, imepakwa chokaa nyeupe. Nyuma yake Mwitalia alikuwa ameweka vijiti vilivyopindwa, vikaisukuma nguo kwa mbele: huku kama mbavu, huku kama magoti mawili. Kichwa hakikuwepo. Katikati palikuwa na mpasuko mrefu. Upepo ulipopita dirishani, mpasuko ulifunguka kidogo, ukajifunga. Ukafunguka tena. Nilitoka nje.

Jioni Mwitalia mwenyewe, Musiyu Aldo, alirudi. Alikuwa mtu mpole, mwenye gundi kwenye kucha. Alinieleza kwa Kifaransa kwamba ile si picha ya rangi wala si kitu cha kuchongwa, iko katikati ya viwili, na kwamba kreti ya kuipeleka kwao Italia ilikuwa tayari. Baba mudogo alinisukuma kwa kiwiko. Nilisema sentensi moja tu niliyoifanyia mazoezi siku tatu: nguo ni ya nyanya yangu, na hawezi kufa bila hiyo.

Aliweka kikombe cha chai chini. Halafu akachukua kisu, akajaribu kuibandua. Gundi ilikuwa imeshika. Nguo ilipoanza kuchanika ilitoa sauti kama mtu anayevuta pumzi kwa meno.

"Acha! Acha, Musiyu!" baba mudogo akapiga kelele.

Tukapewa yote, fremu na vijiti. Baba mudogo alivua viatu akaviacha mlangoni. Mwitalia alimwambia avae. Alikataa.

Siku ya nne tulianza kurudi, yeye mbele, mimi nyuma, sanamu imelala chali katikati yetu. Saa sita mvua ikanyesha. Nguo ilikunywa maji ikawa nzito.

"Baba mudogo, tupumuzike."

"Inaongeza uzito."

"Ni maji tu."

"Maji iko na magoti?"

Tangu hapo sikuitazama, nilitazama mgongo wake.

Penye daraja la miti, wanawake waliotoka shambani walituona. Waliweka vikapu chini na kusimama pembeni, kama watu wanavyofanya maiti ikipita. Mama mmoja akauliza kwa upole, "Ni ya nani, mutoto yangu?"

Nilitaka kusema ni nguo ya nyanya yangu, wala hakuna aliyekufa. Yakatoka maneno mawili tu. Nikasema, "Ya Koko."

Yule mama akaanza kulia. Wengine wakamfuata. Baba mudogo aligeuka, uso umebadilika. "Umesema nini? Umemuua!" Lakini kijana mmoja aliyemjua baba mudogo alikuwa ameshakimbia mbele yetu kupeleka habari Nyabiondo.

Siku ya sita, kabla ya jua kuzama, tulifika Nyabiondo. Uani kulikuwa na kuni za matanga na watu wengi. Hakuna aliyelia, walitazama tu. Wale waliokuja wakilia walikuwa wamemkuta marehemu amekaa mlangoni, anakunywa uji, na wengine walikimbia. Tuliweka sanamu chini mbele yake. Nilipiga magoti nikamweleza kosa langu.

"Nani alilia sana?" Koko akauliza.

"Mama mumoja, pa daraja. Hatumujue."

"Alilia muzuri?"

"Muzuri sana, Koko."

Akaridhika. Baba mudogo akaleta panga akate vijiti. Koko akamzuia kwa kidole. Alipapasa mbavu, akapapasa magoti, halafu akaingiza mkono kwenye mpasuko mpaka kiwiko. Watoto wakakimbilia nyuma ya nyumba. Alikaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya gunia.

"Kuko nafasi," akasema.

Alifariki siku tatu baadaye, asubuhi. Katika safari hii nimejifunza kwamba neno dogo kama "ya" linaweza kuzika mtu, na mwoga akikata sentensi, wengine watammalizia. Najitahidi sasa kusema mpaka mwisho. Ila lipo jambo sijamwambia sista wala baba: wachimbaji walipokuja kuchukua kipimo cha kaburi, hawakumpima Koko. Waliipima sanamu, na tulipomwingiza Koko kwenye mpasuko, akaenea ndani yake sawasawa.