Viatu vyangu vya kwanza vya ngozi, na mama mkwe aliyevipendea kelele

Wakuu, asalaam aleikum.

Nimesoma uzi wa kijana anayeuliza atajuaje kiatu kizuri cha ngozi, nikacheka peke yangu hapa Garissa. Jibu ninalo, ila lina mama mkwe ndani yake.

Ni kweli tupu. Sitii chumvi, ile ya visima vya Wajir ilinitosha.

Miaka ya hamsini nilikuwa kijana Wajir, nafanya kazi kwenye banda la ngozi. Nilipanga ngozi za mbuzi: hii safi, hii imeharibiwa na kupe, hii mchinjaji alikuwa na haraka. Basi nikajiona bingwa. Nani angenidanganya kwa ngozi?

Wakati huo nilikuwa nimemposa Habiba. Baba yake alikubali. Mama yake akasema atafikiria, nami usingizi ukanihama.

Nikaamua niende kwao nimependeza kama karani. Dereva mmoja wa lori la Isiolo alikuwa anauza viatu vyeusi vya kamba. Nikanusa, nikabonyeza kwa kidole gumba, nikakunja ncha. Ngozi ya ndama, haina kovu, soli imeshonwa kwa uzi. Nikalipa hapo hapo, bila kuvivaa!

Nilipovivaa vilinibana visigino, na kila hatua vinalia kwiko, kwiko. Nikamrudia dereva na Kiswahili changu cha enzi hizo:

"Rafiki, hii fiatu nabiga kelele!"

"Kiatu kipya lazima kilie, bwana. Watu wasikie!" Akapanda lori lake, huyoo.

Siku ya kwanza kwa kina Habiba, watoto walinifuata nyuma wakiiga mlio. Nyuma ya mkeka unaogawa nyumba wanawake walikuwa wanacheka. Nilirudi nyumbani nimeona aibu vibaya sana.

Nikavipaka samli, juu mpaka soli, kama tulivyolainisha vyombo vya ngozi nyumbani. Wakuu, vikawa raha! Havibani, havilii. Nikarudi kwao natembea kwa maringo.

Sasa, kwetu wakati ule mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Ni heshima. Mama akikusikia unakuja, anajifunika na kupita upande wa pili.

Nikakata kona ya nyumba kimya kimya, uso kwa uso na mama mtu, kabeba kibuyu cha maziwa.

Alipiga yowe, akavuta shali, maziwa yote yakamwagika. Mimi nilitimua mbio, na viatu havikutoa hata sauti.

Kesho yake akaja Abdi, kaka yake Habiba. Nikajua posa imevunjika.

"Seedi," akaniita, yaani shemeji, "hooyo, mama yetu, anauliza, kile kiatu cha kelele umekipeleka wapi?"

Kumbe mume wa dada yake Habiba alivaa makubadhi mepesi, akawa anamfuma mama kila pembe. Mama alichoka kukimbia kwenye boma lake mwenyewe. Aliponisikia mimi siku ya kwanza, alifurahi mpaka akacheka: huyu ana kengele kama ngamia, tutamsikia tangu sokoni!

"Kikilia tena, mama anakubali, tunasoma fatiha," akasema Abdi.

Mnajua kazi ya kukirudishia kiatu kelele? Nilisugua soli kwa majivu, nikazianika juani, nikasugua tena. Juu nikaacha samli yake. Siku kilipolia kwiko, niliruka kwa furaha pale bandani, wenzangu wakadhani nimeng'atwa na nge.

Siku ya harusi mama alianza vigelegele kabla sijafika langoni.

Kijana, jibu lako ni hili: nusa, bonyeza, kunja, kagua mshono. Kisha, kabla ya kulipa, uvivae utembee navyo jioni, miguu ikishavimba, maana mimi nilinunua ngozi nikasahau mguu. Mafuta paka juu, soli iache.

Tuliishi jirani na mama miaka mingi. Baada ya yale maziwa hakuniona uso tena. Lakini nikichelewa kurudi na mifugo kutoka Elwak, Habiba aliniambia mama alikuwa hali chakula. Anakaa nyuma ya mkeka, anauliza, "Mbona sijasikia kiatu?"

Haya wakuu, nanyi leteni visa vya viatu vyenu. Vya kubana pia vinaruhusiwa.