Mwimbaji wa Berea Anayejibu kwa Kalamu

Saa tatu na robo asubuhi, Jumamosi, saluni moja ya Berea, mtaa wa jiji la Durban, imeshajaa. Peguy Murhula, mwenye umri wa miaka ishirini na tatu, anapitisha mashine ya kunyolea shingoni mwa mteja. Hasemi neno.

"Kinyozi mwenye hasemi, mimi namuogopa," anasema mteja huyo, Salvator, kisha anamwita kwa jina la mwanawe. "Papa Glody, utanikata sikio na pardon hutaniambia."

Peguy anazima mashine, anachukua daftari la shule kando ya kioo, anaandika na kuliinua wote wasome: "Sikio lenyewe kubwa. Siwezi kulikosa."

Saluni nzima inaangua kicheko. Yeye anatabasamu tu, maana hata kucheka kwa sauti amekatazwa.

Vijana wa Durban wanamjua kama sauti ya Robot Nyekundu, bendi ya watu watatu iliyojipa jina la taa za barabarani, ambazo Afrika Kusini huitwa robot. Wanapiga pop-punk: gitaa za kasi, ngoma zisizopumzika na viitikio ambavyo ukivisikia mara moja unaondoka navyo. Agosti mwaka huu, 2014, daktari alimwonyesha picha ya vinundu kwenye nyuzi zake za sauti. Akaambiwa anyamaze wiki tatu. Akirudi kupayuka kama zamani, huenda asiimbe tena.

Wiki ya kwanza aliipoteza. "Nilinong'ona, nikidhani ndiyo kupumzika," anaandika. "Nesi akasema kunong'ona nako kunachosha koo. Tukaanza kuhesabu upya."

Peguy alifika Durban mwaka 2008 akitokea Bukavu, akaishi na shangazi yake katika fleti hapa hapa Berea. Wanafunzi wa ghorofa ya chini walipiga gitaa kila alasiri. Siku moja shangazi akamtuma ashuke akawaambie wapunguze. Alirudi baada ya saa mbili, vidole vinamuuma kwa nyuzi za gitaa.

Sauti alikuwa nayo tayari. Kwaya ya kanisani Bukavu ilimzoesha kuimba juu bila kipaza sauti. Bendi ilikuwa na spika dhaifu, kwa hiyo akashindana na ngoma kwa koo lake. Onyesho moja huwapa randi mia tisa, wakigawana watatu. Nyumbani wanakula kwa unyoaji.

Mkewe, Félicité, anayesuka nywele kiti cha pili, anasema ukimya huu umemgusa zaidi Glody, mtoto wao wa miezi kumi.

"Alizoea baba yake anamuimbia," anasema. "Sasa anamuweka kwa kifua, anamupigapiga mgongo polepole. Mtoto anamuangalia mdomo, anangoja."

Saa tatu na nusu anaingia Gracieuse, mpiga gitaa la besi. Bendi imealikwa kwenye ukumbi wa wanafunzi mwishoni mwa mwezi, onyesho kubwa kuliko yote waliyowahi kupata. Waandaaji wanataka jibu leo.

"Tuwaambie hapana, ama niimbe mimi," anasema. "Eish, Papa Glody, usiniangalie hivyo. Watu wanakuja kusikia wimbo, hawakuji kusikia koo yako."

Peguy anashika kalamu.

Gracieuse anaegemea mlango na kuanza kuimba wimbo ambao Peguy aliutunga kuhusu simu za mama yake aliyebaki Bukavu: "Laini inakatika, nasikia upepo, mama, usikate, bado niko hapa." Salvator ameshanyolewa lakini hatoki kitini. Katika mstari wa pili pumzi inamwishia Gracieuse, neno la mwisho halisikiki.

Ndipo Peguy anaandika, kwa muda mrefu, kisha anamsogezea daftari. Gracieuse anasoma kwa sauti: "'Mstari wa pili usikimbie. Vuta pumzi kabla ya neno mama, siyo baada.'"

Anainua macho. "Basi ni ndiyo?"

Peguy anaitikia kwa kichwa, na Gracieuse anatoka nje kuwapigia simu waandaaji.

Jumatatu Peguy anarudi kliniki. Akiruhusiwa, ataimba sauti ya chini, bila kupayuka.

"Nikikataliwa," anaandika, "nitasimama kushoto kwa Gracieuse na gitaa langu. Wimbo utafika."