Salma Kavikwa Khanga ya Mama

Leo nimeona wivu kwelikweli.

Mimi na Salma tunasoma uzamili wa sanaa za maonyesho. Tumeleta mchezo wetu kijijini kwetu, Miteja. Yeye kacheza mama, mimi binti yake mjeuri.

Katikati ya mchezo mama yangu mzazi kainuka na vigelegele, katoa khanga yake ya juu, kamtunza Salma kwa kumvika begani. Khanga ninayoiomba tangu sekondari, jamani!

Nikasubiri zamu yangu. Wapi!

Mwisho nikamfuata. "Mama, na mimi?"

"Mwenzio ameigiza, mwanangu. Wewe umenijibu jeuri kama nyumbani tu."

Salma kacheka mpaka machozi. Kajifuta kwa khanga ileile.

Haya, chekeni na nyie.