Mota Iliyopakwa Rangi ya Kucha

Mwalimu wetu wa fizikia hakuwa mtu mbaya. Shida yake ilikuwa stuli za maabara, hazikutosha. Tulipoingia kidato cha tatu alitangaza kwamba msichana anayetaka kubaki darasani mwake alete Jumatatu mota aliyoitengeneza kwa mikono yake, izunguke yenyewe mezani. Asiyeweza aende akajifunze upishi. Wavulana hawakuulizwa kitu. Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Keki nilikuwa najua kuzila, inatosha. Nilichotaka ni fizikia.

Tulikaa mtaa wa Umoja, nyumba yenye ua mdogo wa saruji nyuma. Jumapili baada ya kanisa nikatandika gunia pale uani nikaanza kazi. Sumaku niliibandua kwenye spika ya redio mbovu. Waya mwembamba wa shaba nilikuwa nimeupata kwa fundi mmoja wa soko la Gikomba, kipande tu. Mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa ukutani yameanikwa, maana kwetu jiwe halitupwi kabla halijaota jua likajaribiwa tena. Nikauzungusha waya kwenye jiwe moja ukawa pete nene, nikaacha ncha moja kila upande, nikaipachika pete kwenye pini mbili za nepi zilizounganishwa na mawe. Chini yake nikaweka sumaku.

Waya wa namna ile huja umepakwa vanishi, na umeme haupiti kwenye vanishi. Lazima ncha zikwanguliwe. Sasa, mimi ni mtoto wa mama aliyekuwa akikurudishia sufuria kwa sababu ya doa ambalo yeye peke yake aliliona. Sufuria zetu zilisuguliwa kwa majivu ndani, nje, na hata chini, ambako hakuna mgeni aliyewahi kuchungulia. Nikazikwangua zile ncha kwa wembe, nikamalizia kwa msasa, pande zote, zikang'aa.

Pete ikaenda nusu, ikarudi, ikatetemeka, ikasimama. Nikaisukuma kwa kidole, ikafanya vilevile. Nikabadilisha mawe, nikageuza sumaku, nikanyoosha ncha. Wapi! Nililia, na si machozi ya kujificha.

Dada yangu, aliyekuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini, alikuwa akianua nguo. Akachuchumaa kando yangu akaitazama.

"Hiki kitu kinasukumwa mbele, halafu kinavutwa nyuma," akasema. "Si ukizime kikitaka kurudi?"

"Nikizime vipi na kinazunguka? Wewe nawe!"

Halafu nikakumbuka. Mwalimu alikuwa amesema ncha moja ikwanguliwe upande mmoja tu, ili umeme ukatike kila pete inapofika nusu. Nilimsikia vizuri kabisa. Nilimwona mvivu. Kwetu ulikuwa ukisugua kitu upande mmoja unaitwa urudie, na sikio linavutwa.

Waya mwingine sikuwa nao, na vanishi ikishatoka imetoka. Dada akatazama mlango wa jikoni, akaingia chumbani, akarudi amefumba ngumi. Ndani ya ngumi kulikuwa na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu. Ngai! Mama yetu alikuwa mmoja wa akina mama wa kanisa, na kwake kucha nyekundu zilikuwa za watu wa baa. Dada alipaka za miguu tu, na hakuvaa viatu vya wazi.

"Harufu itanimaliza," akanong'ona. Lakini alikifungua.

Tukapaka nusu ya ncha moja, tukaipuliza ikakauka. Nikaigusa pete. Ikazunguka! Ikazunguka mpaka waya hauonekani, na sisi tukapiga kelele kama watoto wa chekechea.

Mama akatoka. Akanusa. Akaitazama mota, akatazama ile nyekundu, akamtazama dada kuanzia kichwani hadi viatuni. Akarudi jikoni.

Jumatatu niliiweka mota mbele ya mwalimu. Ikaenda nusu, ikarudi, ikatetemeka. Rangi ilikuwa imechubuka njiani, ndani ya mkoba.

"Inatetemeka tu hii," mwalimu akasema. "Mpishe mwenzako hapo."

Nikatia mkono mkobani nitafute chochote cha kufutia macho. Nikagusa kitambaa cheupe cha kichwa, kile ambacho mama hakukivaa ila kanisani. Kulikuwa na kitu kigumu kimefungwa ndani yake. Sikuwa nimekiweka mimi.

"Naomba nirekebishe kidogo, mwalimu."

Nikakifungua kile kichupa cha rangi, nikapaka, nikapuliza. Ikazunguka. Mwalimu akainama akaitazama muda mrefu, akanusa, akakunja uso.

"Haya. Keti."

Nikaketi kwenye stuli yangu.

Jioni nilimkuta mama uani anachambua maharagwe. Hakuinua macho.

"Ilichubuka?"

"Ilichubuka, mama."

"Nilijua," akasema. "Mwambie dada yako awe anapaka mara mbili."